Mimea inayokula wadudu nyumbani: anza na maji, mengine yatafuata

Ukisikia mmea unaokula wadudu umekufa nyumbani kwa mtu, usiulize ulikula nini. Uliza ulinyweshwa maji gani. Mara nyingi jibu ni maji ya bomba au ya kisima, kwenye udongo mweusi wa bustani, pamoja na mbolea kidogo ili ushike haraka. Kwa mchicha au waridi hiyo ni huduma nzuri. Kwa mimea hii ni sumu ya polepole, na mwenye mmea huishia kulaumu hali ya hewa.

Sababu iko kwenye asili yake. Mimea hii imetoka kwenye vinamasi, nyanda zenye unyevu na miamba inayochuruzika maji, mahali ambapo mvua imeosha udongo hadi naitrojeni na fosforasi karibu zimeisha. Sukari inajitengenezea yenyewe kwa jua kama mmea mwingine wowote. Kwa mdudu inatafuta kile ambacho udongo hauna. Ndiyo maana mizizi yake haivumilii chumvichumvi: ukiilundikia madini, inaungua. Kazi yako kubwa basi ni kuipa udongo usio na kitu, maji yasiyo na kitu, na jua la kutosha.

Uchague upi

Kwa anayeanza, chukua drosera ya Rasi, *Drosera capensis*, ambayo asili yake ni upande wa Rasi, Afrika Kusini. Majani yake ni membamba na marefu, yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone la ute linalong'aa kama umande wa asubuhi. Tofauti ni kwamba umande huu haukauki jua likitoka, na mdudu akitua hapo hanyanyuki tena. Inasamehe makosa kuliko nyingine zote: hata ikikauka juu, mara nyingi inachipua upya kutoka kwenye mizizi.

Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya, Kigali na Bukavu ni mahali pake hasa. Inapenda joto la nyuzi 10 hadi 28. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar itaishi, ila miezi ya joto kali umande hupungua na majani hudumaa. Mkazi wa pwani atapata raha zaidi na *Drosera burmannii*, aina za kitropiki za *Drosera spatulata*, au mmea wa mitungi, yaani Nepenthes, tutakaouzungumzia chini.

Afrika Mashariki nayo ina drosera zake. *Drosera madagascariensis* huota kwenye vinamasi vya Uganda na Tanzania. Ukiikuta, itazame, ipige picha, iache. Ukiing'oa mizizi hukatika, na mara nyingi hufa kabla haijazoea chungu. Anza na mbegu au na mmea uliozalishwa bustanini.

Wengi huja wakitaka dionea, ule mmea wenye mdomo wa meno unaofumba ukiguswa. Tunaelewa, kwani ndio maarufu kuliko yote. Lakini kwao ni Carolina Kaskazini na Kusini, Marekani, na kila mwaka unataka usingizi wa baridi wa miezi mitatu hivi, chini ya nyuzi 10. Bila usingizi huo hudhoofika, mwaka hadi mwaka. Njia ipo: ung'oe, ukate majani yaliyokauka, ufunge kiini chake kwa sfagnamu (kuvumwani ya vinamasini) mbichi iliyokamuliwa, uutie kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka kwenye friji kwenye nyuzi 2 hadi 5, ukiukagua kila wiki mbili usije ukaota ukungu. Inawezekana, ila si kazi ya mwaka wa kwanza.

Maji

Maji yanayofaa ni ya mvua, yaliyokenekwa, au yaliyochujwa kwa mtambo unaoondoa chumvi. Nunua kipimo cha TDS, kile kidogo kama kalamu wanachotumia wauza maji na wafuga samaki. Kinakuonyesha chumvi zilizoyeyuka kwa ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Chini ya 50, mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 50 na 100 mmea utavumilia kama utasuuza udongo mara kwa mara. Juu ya 100, usitumie. Maji ya visima vingi vya pwani yanapita hapo mbali sana.

Kuna mambo matatu yanayowapoteza watu. Kuchemsha hakuondoi chumvi: maji yanapungua, chumvi inabaki, kwa hiyo unaikoleza. Kuacha ndoo wazi usiku kucha kunatoa klorini tu, na tatizo hapa si klorini. Na maji ya chupa si lazima yawe mepesi, kwani mengine yameongezwa madini ili yawe na ladha. Soma kibandiko au yapime.

Maji ya mvua kinga kutoka kwenye mabati, si kwenye vigae vya saruji, na yahifadhi kwenye plastiki, si kwenye tangi la zege, maana zege hutoa chokaa. Acha dakika 15 hadi 20 za mwanzo zioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo uweke ndoo. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kipande cha paa cha mita 10 za mraba na mvua ya milimita 10 kinakupa lita 100.

Utahitaji kiasi gani? Vyungu hukaa kwenye trei yenye maji kidogo, na trei ya sentimita 30 kwa 40 inabeba vyungu sita. Siku ya jua inaweza kupoteza kama milimita 5 za kina, ambazo ni lita 0.6. Kiangazi cha miezi minne kitakula lita 72 hivi. Madumu manne ya lita 20 yakijazwa mwezi wa tano yanakuvusha.

Mwenye kiyoyozi ana kisima chake mwenyewe. Maji yanayodondoka nje ni mvuke wa hewa uliopoa ukawa maji, karibu hayana chumvi kabisa, na kwenye unyevu wa pwani utapata lita kadhaa kwa usiku. Kinga kwa ndoo safi, pima, tumia. Ila fundi akitoka kukisafisha kwa dawa, mwaga maji ya siku mbili tatu za mwanzo.

Udongo, na ubaya wa makumbi

Mchanganyiko wa drosera ni pitimosi, yaani mboji ya kuvumwani wa vinamasini, kipimo kimoja, na perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi vya bustani, kipimo kimoja. Geuza gunia la pitimosi usome nyuma. Ukiona namba za N-P-K (vipimo vya mbolea: naitrojeni, fosforasi na potasiamu), au limeandikwa kuwa lina chokaa na mbolea ya kuanzia miche, lirudishe. Pitimosi nyingi zinazouzwa kwa wenye vitalu vya nyanya zimetiwa chokaa ili kupunguza uchachu, na uchachu huo ndio drosera inaoutaka.

Perlaiti ikikosekana, tumia mchanga mweupe wa mto. Si wa bahari, kwa sababu ya chumvi na vipande vya makombe. Hata wa mto ujaribu: weka kijiko kimoja kwenye glasi, mimina siki, tazama. Ukitoa mapovu una chokaa, haufai. Usipotoa, uoshe mpaka maji yatoke meupe.

Kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi, ni rahisi kupata na huvutia. Jihadhari nao. Pwani yetu makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa ufukweni na kuloweshwa na maji ya bahari ili nyuzi zilegee kwa kusokotwa kamba, na hata makumbi ambayo hayakupita baharini yana potasiamu na sodiamu nyingi. Kama huna kingine, loweka kwenye maji ya mvua saa 24, kamua, rudia mara tano au sita, na kila mara pima maji unayokamua. Kipimo kikishuka chini ya 50, kokopiti imekuwa tayari. Kazi hiyo hula maji mengi, na kwa maoni yetu ni heri kununua gunia dogo la pitimosi safi.

Kupanda

Chungu kiwe cha plastiki, upana sentimita 10, kina 10 hadi 12. Kopo la mtindi au la aiskrimu linafaa. Vyungu vya udongo wa kuchoma viache, kwani hutoa madini na kunyonya chumvi ukutani. Toboa matundu sita ya milimita 5 na ufunike chini kwa kipande cha neti ya mbu ili udongo usivuje. Vyungu sita vitakula lita mbili na nusu za pitimosi na kiasi hicho hicho cha perlaiti.

Pitimosi kavu hukataa maji. Ukiimwagia, yanateleza pembeni na katikati inabaki vumbi. Tumia maji ya uvuguvugu, kanda kama unga wa chapati, acha usiku mmoja. Asubuhi chukua ngumi moja ukamue: yakidondoka matone machache, iko sawa. Perlaiti ilowanishe kabla ya kuchanganya, na ufunge pua na mdomo kwa kitambaa, kwa sababu vumbi lake lina madhara mapafuni.

Toa mmea kwenye chungu cha zamani pamoja na donge lake. Utaona mizizi myeusi, na hapa ndipo wengi hushtuka wakidhani imeoza, wakaanza kuikata. Mizizi ya drosera ni myeusi kwa asili. Iliyooza ni laini na inavutika ikiachana ukiishika, nzima inakaza. Tengeneza shimo kwa kidole, shusha mizizi ikiwa imenyooka, funika hadi pale majani yanapoanzia, usizike kiini. Usishindilie.

Kisha weka chungu kwenye trei na umimine maji safi yafike sentimita 1 hadi 2 na nusu kutoka chini. Maji yatapanda yenyewe. Usimwagilie juu ya majani, utaosha ute wote na mmea utatumia nguvu kuutengeneza tena. Yakiisha, ongeza.

Trei hiyo usiiache na maji siku zote. Mbu huhitaji kama wiki moja tu kutoka yai hadi kuruka, na yule wa dengi anapenda vyombo vidogo vya namna hii. Kila siku ya tano au ya sita mwaga maji yote, futa trei kwa kitambaa, iache kavu saa chache, ndipo ujaze upya. Mmea hautadhurika, udongo bado umeloa. Madumu ya akiba yafunikwe barabara.

Jua

Drosera ya Rasi inataka saa nne hadi sita za jua la moja kwa moja. Baraza linaloelekea mashariki linafaa sana: jua la asubuhi lote, kivuli saa saba mchana. Vyungu vyeusi kwenye jua la adhuhuri huchemsha mizizi, kwa hiyo tumia vyeupe au uvifunike kwa karatasi nyeupe. Mmea uliolelewa ndani usitolewe juani siku moja. Anza na saa moja, ongeza saa moja kila baada ya siku mbili tatu, kwa wiki mbili.

Ndani ya nyumba isiyo na jua, taa nyeupe ya LED ya wati 20 hadi 25, sentimita 25 juu ya majani, saa 14 kwa siku, inatosha. Rangi ndiyo inayosema ukweli: vinywele vyekundu na matone makubwa, mwanga unatosha, majani ya kijani tupu, marefu, yaliyolegea, ongeza mwanga.

Usiuweke mmea kwenye chupa ya kioo iliyofungwa kisha ukaianika dirishani. Inapendeza kwa picha, lakini ndani joto hupanda kwa muda mfupi na mmea huiva.

Kulisha

Mmea uliowekwa barazani hujilisha. Wa ndani, lisha majani yake mawili au matatu kila wiki mbili.

Chukua kijinzi kimoja, wale wanaozunguka ndizi mbivu, ukiweke katikati ya jani kwa kijiti cha meno. Kaa utazame. Kijinzi kinapapatika, na kadiri kinavyopapatika ndivyo kinavyogusa matone mengine. Baada ya dakika chache vinywele vya jirani vinaanza kuinama, kimoja kimoja, vikielekea kwake. Baadaye, kwa saa chache, jani lenyewe linaanza kujikunja, na kesho yake unakuta limemfunika kama mkeka uliokunjwa. Litakaa hivyo siku kadhaa, kisha litanyooka likiwa na ganda tupu kavu. Ganda liache, au liondoe kwa kibano kama linakukera.

Ukikosa wadudu, chakula cha samaki wa mapambo, hasa minyoo myekundu mikavu, kinafaa: saga, lowesha kidogo, weka chembe isiyozidi punje ya sukari. Nyama, jibini, dagaa wa chumvi na mabaki ya mezani usitie kamwe. Vinaoza, jani linakuwa jeusi, ukungu unafuata. Kumbikumbi mzima pia ni mkubwa mno kwa mmea mdogo.

Dionea ina kanuni yake. Ndani ya kila upande wa mdomo kuna vinywele, kwa kawaida vitatu, na unafumba vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi. Ukiupa mdudu aliyekufa utafumba, ila bila mtu wa kupapatika ndani hautameng'enya. Usugue nje taratibu kwa vidole nusu dakika. Na usiufumbe kwa mchezo: kila mdomo una idadi ndogo ya kufumba kabla haujachoka na kuwa mweusi.

Mambo yanapoharibika

Mmea umefika kutoka safari hauna umande. Hilo ni la kawaida. Upe mwanga wa wastani na maji, wiki moja hadi tatu. Angalia majani mapya, ya zamani hayatarudi.

Umande ulikuwepo ukaisha: anza kutazama mwanga, halafu joto, halafu chumvi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa chungu, chumvi ndiyo. Mimina lita moja ya maji ya mvua kutoka juu kwa kila chungu, uyaache yatoke yote, rudia kesho yake. Kufanya hivi kila wiki nne hadi sita hata bila tatizo ni kinga nzuri.

Majani ya chini yanakauka na kuwa meusi huku ya katikati yakichipua: ni uzee tu wa majani, yakate. Majani mapya yanatoka yamejipinda na kudumaa: tazama katikati kwa lenzi, pengine kuna vidukari. Sabuni na viuatilifu vya dukani vitaunguza majani. Zamisha chungu kizima kwenye ndoo ya maji ya mvua saa 24 hadi 48, wadudu watazama, drosera itatoka salama ingawa bila ute kwa siku kadhaa.

Mwani wa kijani juu ya udongo hausumbui mmea mkubwa, lakini hufunika miche. Kwangua milimita 5 za juu uweke pitimosi mpya. Udongo wote ubadilishe kila mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa sababu pitimosi huoza, hushikamana na kukosa hewa.

Mitungi kwa wa pwani

Nepenthes huning'iniza vikombe kwenye ncha za majani, na mdudu huteleza ukingoni akazama. Jirani zetu Madagaska na Shelisheli wana za kwao. Kwa pwani chagua za nyanda za chini, kama *Nepenthes ampullaria* au *rafflesiana*, au machotara yaliyozoeleka. Hapa kanuni ya trei inageuka: mizizi yake haitaki kusimama majini. Tumia sfagnamu ndefu na perlaiti nusu kwa nusu, mwagilia kutoka juu kila siku au siku ya pili, maji yachuruzike. Weka chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50. Majani yakitoka bila mitungi, unyevu wa hewa au mwanga umepungua. Mtungi uliomwagika njiani utie maji safi hadi robo, usiujaze.

Vibali

Dionea na Nepenthes zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo kuzivusha mpaka kunahitaji hati zake. Hata mbegu za drosera, zisizo kwenye orodha hiyo, zinataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Uliza mamlaka ya afya ya mimea, Kenya KEPHIS, Tanzania TPHPA, kabla muuzaji hajatuma kifurushi.

Kuzidisha

Drosera ya Rasi huzaa kwa njia mbili rahisi. Kwa jani: kata jani zima lililokomaa, lielee kwenye chupa ya maji ya mvua iliyofunikwa, mahali penye mwanga pasipo jua kali. Wiki ya tatu hadi ya sita utaona vichipukizi vidogo vikitoka juu ya jani lenyewe. Vikifika sentimita moja na kuwa na mizizi, panda.

Kwa mbegu: ua hufunguka asubuhi, hufunga baadaye siku hiyo hiyo, na hujichavusha lenyewe. Shina lote likikauka na kuwa kahawia, likate, likung'ute juu ya karatasi nyeupe. Zitamwagika chembe nyeusi nyembamba, mamia kwa shina moja. Nyunyiza juu ya udongo uliolowa na usizifukie hata kidogo, kwani zinahitaji mwanga ili ziote. Funika kwa plastiki angavu, weka kwenye trei, na baada ya wiki mbili hadi nne utaona nukta za kijani, nyingine tayari zina tone la ute dogo kuliko punje ya chumvi. Mbegu zilizobaki zifunge kwenye karatasi, andika tarehe, weka kwenye friji, zitakaa miaka kadhaa. Usizimwage bondeni wala kinamasini: New Zealand drosera hii imewekwa kwenye orodha ya mimea vamizi, na vinamasi vyetu vina drosera zake zinazohitaji nafasi.